Fundi Pasi na Pole ya Pili

Sogeeni karibu, ndugu, jamaa na majirani, walio nyuma wasije wakasikia nusu na nusu nyingine wakajitungia. Tunayemsindikiza leo alikuwa baba, babu, kaka na mume, fundi redio wa mtaa wa nyuma ya posta, ambaye wengi wenu mmemwita Fundi Pasi miaka yote bila kuuliza jina hilo lilitoka wapi. Wengine mlidhani alikuwa dobi. Leo mtajua.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Machi 1947, saa tatu asubuhi, katika chumba cha uani cha nyumba ya tatu kutoka posta. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa karani wa posta na mumewe, fundi baiskeli. Mkunga aliyempokea alisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto yule hakulia kwanza. Alishika kitovu chake, akakigeuza huku na huku kama anayetafuta palipokatika waya, na aliporidhika ndipo akalia. Dada yake, ambaye yuko hapa mstari wa mbele, anasema huo ni uongo mtupu. Lakini dada siku hiyo alikuwa na miaka mitatu na alikuwa usingizini, kwa hiyo ushahidi wake umesikilizwa na umekataliwa.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1954 na kumaliza darasa la nane mwaka 1961. Kwa hesabu alikuwa hodari, kwa mwandiko alikuwa balaa. Akiwa darasa la sita alifungua redio ya mwalimu mkuu wakati mwenyewe yuko mkutanoni, akaisafisha, akaifunga, na mezani zikabaki skrubu mbili. Mwalimu mkuu aliporudi alizikuta.

"Hizi za wapi?"

"Zilikuwa za ziada, mwalimu."

Alichapwa. Lakini redio ile tangu siku hiyo ilishika stesheni kuliko zamani, na wapo walioapa kwamba ilikuwa ikitangaza habari za kesho. Mwaka 1962 aliingia chuo cha ufundi, akatoka Desemba 1964 na cheti cha ufundi redio.

Kazi aliianza Februari 1965 katika duka la redio la mzee mmoja mkali, na mwaka 1968 akafungua karakana yake mwenyewe, ile ile mnayoijua: chumba kimoja, dirisha la mbao linaloangalia mtaa, meza iliyochomwachomwa na lehemu, na redio za watu zimepangwa ukutani kila moja na karatasi yake. Kuanzia mwaka 1971 alipewa pia kazi ya kutunza vipaza sauti vya hospitali ya vifua, ile ya ghorofa tatu. Jumapili zake alizitumia katika uwanja wa ndege wa zamani, ambako yeye na daktari wa meno wa mjini walirusha ndege ndogo za kuongozwa kwa redio. Za daktari wa meno zilikuwa na injini ya mafuta na zililia kama msumeno umekanyagwa mkia. Marehemu hakupenda kelele. Alikuwa akisema kwamba anayesikiliza redio mbovu siku sita ana haki ya kimya siku ya saba. Kwa hiyo akajitengenezea yake ya umeme. Alichukua mota ya gari la kuchezea, betri nane ndogo za kuchaji, mbao nyepesi na karatasi, na rimoti aliiunga mwenyewe. Siku hizo watu walimcheka. Ndege ya umeme ilikuwa na mambo mawili tu: imewashwa na inakimbia yote, au imezimwa na inashuka. Katikati hapakuwa na kitu.

Jumanne, tarehe 30 Julai 1974, aliitwa hospitali kutazama kipaza sauti cha wodi ya wanawake, ghorofa ya tatu. Kitanda kilichokuwa chini ya kipaza sauti hicho kilikuwa na msichana wa miaka ishirini na mbili, mwembamba kama waya wa antena, aliyelazwa tangu tarehe 10 Juni kwa kifua kikuu. Hakuwa amesoma hata darasa moja, lakini mdomo alikuwa nao. Fundi alipanda ngazi, akafungua kipaza sauti, akakaa juu kule muda mrefu kuliko ugonjwa wa kile kifaa.

"We fundi," msichana akasema, "umepanda kutengeneza au umehamia?"

"Waya umekatika, dada."

"Huo ulioukata mwenyewe sasa hivi? Nimekuona."

Wodi nzima ilicheka mpaka wakaanza kukohoa, na Sista mkuu akaja mbio. Fundi alishuka ngazi masikio yakiwa mekundu kama taa ya kituo. Kabla hajatoka aliuliza, kwa sauti ya chini, dada anatoka lini. Msichana akajibu kwamba daktari ametaja miezi minane kitandani na dawa za mwaka mmoja na nusu, lakini yeye mwenyewe ametaja miezi mitatu, na wake ndio utakaofuatwa.

"Tarehe kumi na tatu Septemba, Ijumaa, naondoka. Sindano zimenichosha. Kifua hakiniumi tena."

Marehemu alikuwa mtu wa kufungua vitu. Alijua chombo kinachoacha kukoroma kabla hakijatengenezwa ndicho kinachokufa ghafla. Na daktari alikuwa amekwisha mwambia mama wa msichana, mlangoni, kwamba akiziacha dawa katikati hatauona mwaka mwingine. Fundi alilisikia hilo kwa sababu alikuwa bado anafunga sanduku lake la vifaa, jambo lililomchukua robo saa.

Kurudi wodini hakuruhusiwa. Kipaza sauti kilikuwa kizima, na wageni waliokubaliwa ni ndugu tu. Yeye hakuwa ndugu wa mtu pale. Barua isingesaidia, kwa sababu aliyeandikiwa hakujua kusoma, na mwandiko wa aliyeandika mliusikia ulivyokuwa. Lakini ng'ambo ya ukuta wa hospitali palikuwa na uwanja wa mpira, na madirisha ya ghorofa ya tatu yaliuangalia. Marehemu akachukua ndege yake ya umeme, akaandika ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi za ukubwa wa kiganja: POLE. Alisema baadaye kwamba aliwaza maneno mengi mazuri, lakini ubavu wa ndege ulikuwa mfupi.

Jumapili, tarehe 18 Agosti, saa kumi jioni, aliirusha. Ilipita mbele ya madirisha kama inadaiwa. Wodini ikawa vurugu. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mshona nguo, aliyekuwa msomaji mkuu wa wodi, aliweza kushika herufi mbili za mwanzo tu.

"Imeandikwa PO-nani-nani!"

"POLISI," akasema mmoja, na akaingia chini ya shuka.

"POMBE," akasema mwingine. "Wanatangaza baa mpya."

Mshona nguo alifikiri, akamtazama msichana wa chini ya kipaza sauti, akasema, "Jamani, mimi nimesoma. Imeandikwa POSA."

Kesho yake dobi wa hospitali, aliyekuwa mteja wa karakana, alimpelekea fundi habari yote. Habari ilipofika kwenye POSA, fundi alidondosha koleo.

"Na yeye amesema nini?"

"Amesema mwenye posa asiyeweza hata kusimama asomwe aende zake. Na kifurushi ameshaanza kukifunga."

Basi marehemu hakuwa na tatizo la mapenzi. Alikuwa na tatizo la mwendo. Ndege ilipaswa kupita taratibu, isomwe, na isianguke. Jumapili iliyofuata alijaribu kuizima mota ikifika madirishani na kuiwasha tena ikivuka. Ilizimika vizuri. Kuwaka ndiko ilikokataa, na ikaenda kutua kwenye kamba ya nguo za hospitali, ndani ya gauni la Sista mkuu, ikatokeza pua shingoni. Sista alimfuata mpaka ukutani ndege ikiwa mkononi.

"Kijana, hapa hapatakiwi kelele, wageni wala mbwa."

"Ndege hii haina kelele, Sista. Si mgeni, haikuingia kwa mlango. Wala si mbwa."

Sista alikaa akitafuta kanuni, hakuiona. Akamrudishia ndege. "Basi angalau," akasema, "jifunze kwenda pole."

Alirudi nyumbani, akakaa uani, akawaza. Ili mota ipungue nguvu bila kuzimika, umeme ulitakiwa upite kwenye waya mgumu, waya unaoubana umeme njiani. Ukitaka mota iende pole, unaupitisha umeme kwenye waya mrefu. Ukitaka ikimbie, mfupi. Waya wa namna hiyo haukuwa karakanani. Ulikuwa ndani ya pasi ya mama yake.

Mnaomkumbuka yule mama karani wa posta mnajua kwamba sare yake ilikuwa na mikunjo ya kukatia mkate. Asubuhi ya Jumatatu alipekua nyumba nzima.

"Wewe! Pasi yangu iko wapi?"

"Inajiandaa kuruka, mama."

Alikwenda kazini amekunjamana kama bahasha iliyorudishwa, wenzake wakauliza, naye akasema kweli: "Mwanangu amepeleka pasi angani." Kufikia saa sita mchana jina la Fundi Pasi lilikuwa limefika kila mahali barua zinapofika, na halikurudi tena.

Alichokitengeneza kilikuwa hivi. Waya wa pasi aliuzungusha kwenye kipande cha ulanga, lile jiwe linalometameta ndani ya pasi ambalo haliungui. Juu yake akaweka ulimi mdogo wa shaba. Kimota kidogo kilichotii rimoti kiliusukuma ulimi ule mbele na nyuma juu ya waya, na ndege ikaongeza au kupunguza mwendo. Mara ya kwanza aliweka kitu chote tumboni mwa ndege. Alisahau kwamba pasi, hata ikikatwa vipande, ni pasi. Ndege ilipaa, ikapunguza mwendo vizuri kabisa, na ikaanza kutoa moshi. Wodi ilipiga makofi, ikidhani ni mapambo. Ilishuka ikiwa mifupa. Hiyo ilikuwa Jumapili ya tarehe 8 Septemba, na kufika Ijumaa zilibaki siku tano.

Kwa siku tatu karakana ilifungwa. Redio za watu zilikaa kimya ukutani, na mwenye nyumba alisema waziwazi kwamba fundi amepata wazimu wa kawaida. Alijenga ndege mpya yenye mabawa mapana, maana ndege ikipunguza mwendo na mabawa membamba huanguka kama kijiko. Ule waya wa pasi akautoa tumboni, akauweka nje, chini ya pua, upepo wa propela uupoze. Kwa haraka alifunga kimota kinyume: kijiti cha rimoti ukikisukuma mbele ndege inapunguza, ukikivuta nyuma inakimbia. Aliligundua hilo Alhamisi mchana, hakuwa na muda wa kufungua, akajifunza hivyo hivyo. Miaka hamsini hakubadilisha. Daktari wa meno aliwahi kuomba kuirusha mara moja, na siku hiyo ndege na mti vilifahamiana.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba 1974, saa kumi na nusu jioni, hapakuwa na upepo. Wodini, msichana alikuwa ameshavaa viatu. Alisema anazoeza miguu. Mshona nguo alikuwa dirishani, akaita, na wote walioweza kusimama wakaja, na wasioweza wakasogezwa na vitanda vyao. Chini kule uwanjani walimwona fundi, mdogo kama skrubu, shingo imepinda. Ndege ilikuja usawa wa ghorofa ya tatu bila sauti, na ilipofika dirisha la kwanza ikapunguza. Ilipita kwa mwendo wa mtu anayetafuta namba ya nyumba. Mshona nguo alisoma kwa sauti, herufi moja baada ya nyingine, na wodi ikaitikia: P. O. L. E.

"Pole," mshona nguo akasema, akanywea kidogo. "Ni pole tu, jamani. Mnisamehe."

Msichana alicheka, lakini si sana. Alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu, ndege ilipogeuka mwisho wa jengo na kurudi. Ubavu wake wa pili ulikuwa nao umeandikwa. Wakasoma tena, na safari hii hata Sista mkuu, aliyekuja kuwafukuza dirishani, alisoma nao.

"Pole," wakasema.

Ndipo Sista mkuu akasema, taratibu, kama mtu aliyeletewa simu, "Amesema pole. Kisha amesema pole. Pole pole, binti. Usikimbie. Ndicho anachokwambia."

Msichana alitazama nje. Ndege ilikuwa inakwenda zake hivyo hivyo, pole, pole, haianguki.

"Pole pole mpaka lini?"

"Mpaka dawa ziishe."

Alikaa kitandani. Halafu akavua kiatu kimoja, akangoja, akavua cha pili.

Mengi yamesemwa mtaani kuhusu hekima ya marehemu siku ile. Yeye mwenyewe alikuwa mkweli mno kuipokea. Alipoulizwa aliwazaje neno zuri namna ile la pande mbili, alijibu kwamba hakuwaza kitu, rangi ilibaki.

Aliendelea kurusha kila Alhamisi mpaka msichana aliporuhusiwa, Februari 1975. Katika miezi hiyo mshona nguo alimfundisha mwenzake kusoma, wakianza na herufi nne ambazo tayari alizijua zikipita dirishani. Siku ya kutoka, fundi alimngoja getini, mikono mitupu, na hapo ndipo ilipombidi azungumze kwa mdomo wake.

"Dobi aliniambia wodi ilisoma posa."

"Ilikosea."

"Nimetazama. Ni kubadilisha herufi mbili tu."

Msichana alimwambia kwamba jibu atalipata dawa zikiisha, si siku moja kabla. Walihesabu pamoja. Kila jioni, kabla ya kufunga karakana, fundi alipita kwao, akauliza kama zimemezwa, akaonyeshwa ulimi, akaaga. Hakuwahi kukaa zaidi ya robo saa, kwa sababu mama mkwe mtarajiwa alikuwa na saa ya ukutani yenye kelele. Dawa ya mwisho ilimezwa tarehe 9 Desemba 1975, mbele ya mashahidi. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Januari 1976. Mama karani wa posta alihudhuria amenyooka kama rula, kwa kuwa zawadi ya kwanza aliyonunua bwana harusi siku ile ilikuwa pasi mpya ya mama yake. Mungu aliwajalia watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kukohoa mara mbili bila kupelekwa hospitali.

Karakana aliiendesha miaka arobaini na minane. Zilipokuja televisheni alizitengeneza, zikaja simu akazitengeneza, akilalamika kwamba skrubu zake ni za kufungia ndoto. Mwaka 1983 aliacha waya wa pasi, akaunga kidhibiti cha transista, ambacho hakikuchemka wala kuunguza kitu. Miaka mingi baadaye mjukuu wake mkubwa alimletea kimoja cha dukani, kidogo kama kiberiti, kinachofanya kazi ile ile na zaidi. Alikifungua, akakitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka chai ikapoa. Mkewe akauliza kama ameona wivu.

"Wivu wa nini? Wamefanya vizuri sana," akasema. "Ila hawa walikuwa na muda."

Mwaka 2016 mikono ilianza kutetemeka. Alificha miezi kadhaa kwa kusema kwamba ni umeme umemwingia, na sisi tukajifanya tumeamini. Daktari aliupa ugonjwa jina, na akasema hautoki, utatulizwa tu. Karakana akaifunga Desemba mwaka huo. Kulehemu kukamshinda, halafu vifungo vya shati, halafu kijiko. Alivumilia vyote isipokuwa kulishwa, na siku za kwanza alifunga mdomo kama mtoto. Mkewe alimwambia kwamba yeye alidungwa sindano zaidi ya mia kwa kumtii mtu wa uwanjani, kwa hiyo afungue. Akafungua. Mei mwaka huu mapafu yaliingia maji, akalazwa siku kumi na moja, akaomba arudishwe nyumbani.

Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, aliamka vizuri. Aliletewa chai saa tatu.

"Chai hii imenyimwa sukari kwa amri ya nani?"

"Ya daktari."

"Mwiteni aje ainywe."

Mkewe alimwongezea kijiko kimoja, akakoroga, akamshikia kikombe. Alikunywa mpaka nusu, akasema sasa ni chai. Akaegemea mto. Alikuwa akihema polepole, na kila pumzi ilichelewa kidogo kuliko ile iliyopita. Mkewe hakumwita wala hakumtikisa. Aliweka kikombe chini, akamshika mkono, na mkono ule, uliotetemeka miaka minane, ulikuwa umetulia. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka sabini na saba, miezi mitatu na siku tano.

Marehemu ameacha dada mmoja, ambaye bado anapinga habari ya kitovu. Binti wawili, nesi na mwalimu. Mwana mmoja, dereva wa lori. Wakwe watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja wa miezi minne. Ameacha mjane wa miaka sabini na miwili, ambaye daktari hakumpa mwaka. Mjane huyo ana mapafu mawili, yote mazima. Leo asubuhi amepanda mlima huu kwa miguu yake mpaka hapa kaburini, bila kupumzika njiani, kumfikisha mume wake.

Apumzike sasa Fundi, na amani imkae karibu.